Watoro kwa Idhini ya Baba

SEHEMU YA SITA

"Mbona bado mko Roma? Leo si siku ya Firenze?"

Hayo ndiyo maneno tuliyomwachia Venera sikioni wiki jana, ndani ya kibanda cha simu cha stesheni ya Roma, na wapo wasomaji walionipigia kelele barabarani kwamba mimi ni katili. Mimi? Katili ni yule aliyeyasema, na aliyeyasema ni baba yake mzazi.

Kwa aliyelikosa gazeti, haya ndiyo mambo. Venera Tumminia ametoroka kwao Castelvento, kisiwani Sisilia, Jumapili iliyopita, pamoja na kinyozi Liborio Sciortino. Kule kwao binti akitoroka na kijana wakalala nje, habari imekwisha. Wazazi watalia, watatukana, watatishia kuua. Kisha Jumapili inayofuata wawili hao watarudi, nao watafungishwa ndoa alfajiri kwenye altare ya pembeni, bila shela na bila ngoma, na watu watakula keki kama kawaida.

Venera aliyajua hayo yote, na bado akatoroka. Baba yake alikuwa amemwahidi kwa Ignazio Lo Cascio, mtoto wa mwenye kinu cha unga, na yeye aliona kuolewa na Ignazio ni sawa na kuzikwa hai. Liborio alikuwa na maneno matamu na macho mazuri. Akamfuata.

Lakini safari haina adabu, humvua mtu nguo. Messina, Napoli, Roma, na kila mji Venera alizidi kumwona Liborio vizuri. Si mtu mbaya. Hana makuu, anachekesha, hajamnyanyulia hata sauti. Ila hampendi. Jana, akimwangalia anavyokula chungwa, alikiri hivyo moyoni, na leo asubuhi amemwambia anakwenda kununua maji, kumbe anakwenda kumpigia baba aje amchukue.

Castelvento simu iko baa ya uwanjani. Don Saverio, baba yake, alifuatwa nyumbani, akaja mbio, akashika simu, akasema lile neno la Firenze.

"Baba," akauliza Venera, "wewe umejuaje habari za Firenze?"

Don Saverio akakohoa. Halafu ngurumo.

"Mwana laana wewe! Umenivua nguo mbele ya mji mzima! Nikimkamata huyo kinyozi wako nitamnyoa kichwa pamoja na shingo!"

Venera akausogeza mkono wa simu mbali na sikio. Nyuma ya sauti ya baba alisikia wanaume wa baa wakiguna kumwunga mkono. Kisha sauti ikashuka, ikawa ya mtu anayeungama dhambi.

"Baa imejaa, usinifanye nimwage mtama penye kuku wengi," akanong'ona Don Saverio. "Treni ya Firenze inaondoka saa sita. Shangazi yake Liborio anawasubiri. Ile fulana ya sufu umeivaa? Huko juu kuna ubaridi."

Fulana ya sufu! Venera aliikuta ndani ya sanduku lake kule Napoli, imekunjwa vizuri, pamoja na chupa ya jamu, akadhani aliziweka mwenyewe kwa kiwewe cha kutoroka.

"Mama naye anajua?"

"Kwani nani alilifunga sanduku lako, malaika wangu?" Kisha kwa sauti ya baa: "Usinitajie mama yako! Yuko kitandani anakufa kwa aibu!"

"Na mbwa, Baba. Mbwa hakubweka."

"Nilikaa naye bandani nimemshika mdomo. Mbu walinila mpaka kope."

Venera akaegemea kioo cha kibanda. Siku zote hizi alijiona shujaa. Alijiona binti wa kwanza wa Castelvento aliyewahi kuamua jambo lake mwenyewe. Kumbe ameuvaa mkenge, na aliyemvika ni huyu huyu aliyemfundisha kutembea.

"Kwa nini?" akauliza.

Don Saverio akaharakisha, maneno yakikanyagana. "Ignazio ana mwanamke mwingine kule mjini Gela, na watoto. Nimejua mwezi uliopita. Na mimi nimeshampa baba yake neno langu. Akina Lo Cascio unawajua. Ukiwarudishia neno, wanakurudishia risasi. Lakini binti akitoroka, baba ana kosa gani? Watu wanakuja kunipa pole. Juzi mwenye kinu mwenyewe alilia begani mwangu, maskini, akaniloanisha koti."

"Ungeniambia mimi!"

"Ungejua, usingetoroka vizuri. Uso wako huo haujui kuficha hata homa. Nimekuokoa, mwanangu."

"Basi niokoe mara ya pili. Simtaki Liborio. Njoo unichukue."

Venera alimsikia baba yake akivuta pumzi.

"Umeshalala nje," akasema Don Saverio, na safari hii alisema kwa huzuni ya kweli. "Ukirudi bila ndoa, hutaolewa tena Castelvento. Hilo moja. La pili, wewe hujatimiza ishirini na mmoja, na kumtorosha binti wa umri wako ni jela. Liborio asipokuoa Jumapili, akina Lo Cascio wataniuliza: mbona hukumshtaki? Nitawajibu nini? Itabidi nimshtaki, wamfunge, ili waniamini. Unataka kijana wa watu afungwe?"

"Baba!"

"Usirudi bila pete, mshenzi mkubwa wee!" akanguruma Don Saverio, na simu ikakatika.

Kuruka majivu na kukanyaga moto ni huku.

*

Liborio alikuwa kwenye behewa, ameshawahi kiti cha dirishani, ameshika mikate miwili yenye jibini. Alipoiona sura ya Venera akaiweka yote miwili chini.

"Maji yako wapi?"

"Nimeongea na Baba."

Kinyozi akawa mwekundu kuanzia kola hadi masikio. Treni ikaanza kuondoka. Hata angetaka kukimbia, asingekuwa na pa kukimbilia.

"Umeniingiza mjini, Liborio," akasema Venera. "Wewe na Baba, na Mama, na mbwa."

"Mbwa hana hatia."

"Usinichekeshe! Nina hasira!"

"Haya. Sikuchekeshi." Liborio akatazama mikono yake. "Mama yangu alikuja dukani nikiwa namnyoa mteja. Akaniambia, 'Jumapili utatoroka na binti wa Don Saverio.' Nikamwuliza, 'Yeye anajua?' Akasema, 'Bado. Utamshawishi.' Ndiyo nikakushawishi."

"Na yale maneno yote ya chini ya dirisha? Nayo alikupa mama yako?"

"Nusu alinipa baba yako. Nusu yangu."

"Nusu ipi ilikuwa yako?"

"Ile niliyokuwa nakosea."

Venera akageuza uso dirishani ili asicheke. Alikuwa na haki ya kukasirika na hakutaka kuipoteza.

"Wewe ulitaka?" akauliza mwishowe. "Kunioa?"

"Mimi nilikuwa naondoka kwenda Torino," akasema Liborio. "Kiwandani, kwenye magari. Binamu yangu alishanitafutia nafasi, naanza mwezi ujao. Mama akasema nikishaoa nitabaki na duka. Sasa ukiniuliza nilitaka nini, Venera, hata sikumbuki. Kwetu ukimaliza kumsikiliza mama, siku imeisha."

Basi wakaelewana, kwa mara ya kwanza tangu watoroke. Hawatashuka Firenze! Watabaki ndani ya treni mpaka Bologna, wabadilishe, wafike Torino. Yeye kiwandani, Venera atatafuta kazi ya kushona, kila mtu na chumba chake, na Jumapili iwapite hivyo hivyo. Polisi wa Castelvento wakawatafute Castelvento.

Mpango ulikuwa mzuri. Ulidumu mpaka stesheni ya Firenze.

"Liborio! Liboriucciooo!"

Mama mmoja mnene, amevaa nyeusi tupu kama Wasisilia wote waliofiwa na mume, alikuwa akipita behewa hadi behewa akichungulia madirisha. Hakusubiri washuke. Alipanda. Alimkumbatia mpwa wake mpaka kofia ikaanguka, akambusu Venera mashavu yote mawili, akalinyakua sanduku, na kabla kengele haijalia walikuwa jukwaani wote watatu, wakiitazama treni yao ikiondoka.

Huyo ndiye Shangazi Ninfa.

"Walisema mtajifanya mmesinzia mpitilize!" akasema, amefurahi. "Wote hujaribu. Mimi na marehemu tulijaribu. Leteni vitambulisho, nikawaandikishe. Serikali ya huku inataka kumjua kila mgeni."

Vitambulisho vikaingia ndani ya sidiria yake, mahali ambapo hakuna polisi wala kinyozi atakayevifuata.

*

Nyumbani kwake, ghorofa ya nne, waliandaliwa tambi kwa dagaa. Shangazi Ninfa aliulaani mkate wa Firenze kuanzia mwanzo wa chakula hadi mwisho, kwamba ameishi kule tangu vita viishe na bado hajaelewa watu gani hawa wanaooka mkate bila chumvi. Kisha akasema viatu vya Venera vina vumbi, atavipiga kiwi. Akavichukua. Hakuvirudisha.

"Sasa kapumzikeni, wanangu," akasema, akawasukuma chumbani, na mchana kweupe wakasikia ufunguo ukigeuka nje.

Chumba kilikuwa na kitanda kimoja kipana, shuka za kutarizi, na picha ya marehemu juu yake. Dirisha lilitazama ukuta. Venera akalisukuma, akachungulia chini, akalifunga. Liborio alikuwa amesimama pembeni kama mteja anayesubiri zamu yake.

"Nitamwambia ukweli," akasema Venera.

"Ukweli upi?"

"Kwamba hujanigusa. Ni mama wa sala huyu, umeona rozari ngapi ukutani? Akijua mimi ni mzima kama nilivyotoka kwetu, atanirudisha kwa Mama mwenyewe. Atakuwa shahidi wangu."

Liborio akashtuka. "Venera, nakuomba. Usimwambie hilo. Humjui."

Lakini Venera alishafika mlangoni, anagonga kwa ngumi mbili. Shangazi akafungua, mikono ina unga.

"Shangazi, naapa kwa Bikira Maria, huyu kijana hajanigusa."

Shangazi Ninfa akasimama. Macho yakamtoka pima.

"Hajakugusa?"

"Hajanigusa."

"Napoli?"

"Alilala kitini."

"Roma?"

"Kwenye balkoni."

"Balkoni!" Shangazi akamgeukia mpwa wake taratibu. "Liborio. Marehemu mjomba wako alinitorosha kwa punda, mvua inanyesha, na hatukufika hata mto wa pili. Wewe umepewa treni! Umepewa Napoli! Ukalala kwenye balkoni?"

"Shangazi, nilimheshimu."

"Utamheshimu ukishamwoa! Castelvento wakisikia haya watasema ukoo wa Sciortino umeishiwa wanaume. Dada zako nani atawachukua?" Akajipangusa unga kwa aproni, akajipiga ishara ya msalaba. "Hakuna atakayejua. Ninyi wawili hamtatoka nje ya macho yangu mpaka Jumapili. Na kesho asubuhi mnakwenda kwa Padri Anselmo kujibu maswali ya ndoa. Karatasi yenu mtasafiri nayo, mkifika kwenu hakuna kusubiri."

Akateremka kwa muuza duka mwenye simu, akiwafungia nyuma yake. Venera akaketi kitandani. Alitarajia ukweli umfungulie mlango. Umeongeza kufuli.

Lakini aliponyanyua macho, Liborio alikuwa anatabasamu.

"Umesikia alichosema? Maswali ya padri," akasema, akishusha sauti ingawa hapakuwa na mtu. "Padri wa kwetu namnyoa kila Jumamosi, ananisimulia. Kila mmoja anaingia peke yake. Unaapa. Padri anakuuliza: kuna mtu anayekulazimisha? Ukisema yupo, ndoa haifungwi. Haifungwi kabisa, hata akija askofu."

"Halafu ufungwe wewe."

"Kwa kosa gani? Mimi sikukataa kuoa. Kanisa ndilo limekataa. Baba yako atawaambia akina Lo Cascio: jamani, kinyozi alikuja, na pete alileta, padri kagoma. Nani anamshtaki padri?"

Venera akamtazama kinyozi wake kwa macho mapya. Kumbe chini ya ile kofia kulikuwa na kichwa.

"Wewe utasema umelazimishwa na mama yako," akasema.

"Na wewe utasema umelazimishwa. Tumekubaliana?"

Wakapeana mikono, kama wauza ng'ombe.

*

Ijumaa asubuhi walikwenda kanisani, Shangazi Ninfa katikati, amewashika mikono wote wawili. Venera alivaa viatu vya Shangazi, vikubwa mno, akiburuza miguu kama mgonjwa. Viatu vyake bado vilikuwa vinapigwa kiwi.

Liborio aliingia sakristia kwanza. Alikonyeza kabla ya kuingia.

Alikaa sana. Shangazi alimaliza rozari, akaanza nyingine. Mlango ulipofunguliwa Venera alisimama haraka, akitafuta lile konyezo. Hakulipata. Liborio alipita mbele yake uso umemwiva kama mtu aliyelia, akaketi mwisho wa benchi, hakumtazama.

"Unayefuata," akaita padri.

Padri Anselmo alikuwa mzee mwembamba mwenye mafua. Alimwekea Venera kiti, akamwapisha juu ya Injili, akachovya kalamu.

"Nitakayoandika yatakwenda kwa padri wenu," akasema. "Sema kweli. Na ukisema umelazimishwa, lazima umtaje aliyekulazimisha. Naandika na jina."

Jina.

Hapo Venera akasita. Jina! Karatasi ile itafika Castelvento, na anayepokea karatasi za parokia ya Castelvento ni mtunza sakristia, na mtunza sakristia ni mtu wa ukoo wa Lo Cascio. Atasoma: *nimelazimishwa na baba yangu, Saverio Tumminia, aliyepanga kutoroshwa kwangu.* Kabla jua halijazama atakuwa ameshafika kinuni. Yule mwenye kinu aliyelia begani mwa Baba atajua alilia bure.

Kwa nini hawakuliona hili jana? Na Liborio, je? Alipoketi kwenye kiti hiki na kuulizwa jina, alisema nani?

"Kabla sijakuuliza," padri akaendelea, akipenga kamasi, "mwenzako ameniambia jambo zito. Ameapa kwamba hakuna aliyemlazimisha yeye. Ameapa kwamba hukumfuata kwa hiari yako. Alikuteka kwa nguvu, ulilia njia nzima, na hakufanikiwa kukugusa. Ameniomba niandike hivyo hivyo, neno kwa neno. Nimemwonya kwamba hii ni jela ya miaka mingi. Akasema anajua." Akamtazama Venera juu ya miwani. "Ni kweli?"

Venera akaitazama ile karatasi.

Aliona jinsi ilivyopangwa vizuri. Kinyozi alikuwa ameufanyia kazi ule uongo kama anavyofanyia kazi ndevu, hakuacha unywele. Baba hatajwi, kwa hiyo yuko salama. Binti alitekwa kwa nguvu, hakuguswa, jina lake safi, hata Castelvento hawatakuwa na la kusema. Hakuna ndoa. Kilichobaki ni neno moja tu kutoka kwake, *ndiyo*, na ataondoka hapa huru, na Liborio ataondoka na polisi.

Wewe msomaji ungesemaje? Usinijibu haraka. Kaa kwanza kwenye kile kiti.

"Mwongo," akasema Venera.

"Nani?"

"Huyo kijana. Padri, huyo hawezi kuteka hata kuku. Nilimfuata kwa miguu yangu, nacheka."

"Kwa hiyo hakuna aliyekulazimisha."

Venera akaona ukuta wa tatu ukisimama. Akimtaja baba, baba anapigwa risasi. Akimtaja Liborio, Liborio anafungwa. Asipomtaja mtu, hakuna kizuizi.

"Hakuna, Padri."

"Na unakubali kuolewa naye?"

"Nakubali."

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Liborio alikuwa ameweka sikio kwenye tundu la ufunguo, na alama ya chuma ilikuwa bado shavuni.

"Futa hiyo, Padri! Amesema uongo!"

"Wewe ndiye uliyeapa uongo!" akafoka padri. "Toka nje!"

"Venera, umefanya nini? Nilikufungulia mlango!"

"Sikukuomba ufungwe kwa ajili yangu! Una wazimu? Jela unaijua?"

"Bora jela ya serikali," akasema Liborio. "Kule mtu unajua siku ya kutoka. Ukiolewa nami kwa huruma, mimi nani atanitoa? Maisha yangu yote nitakuwa nakuangalia mezani unanipakulia supu kwa huruma. Hapana. Sitaki."

Walisimama wakikaribiana, wote wawili wanahema, na padri katikati yao hajui amtulize nani. Wala hawakumwona Shangazi Ninfa alipoingia. Alikuwa ametoka kidogo kwenda baa iliyo mkabala na kanisa, kumpigia simu Don Saverio ampe habari njema. Sasa amerudi, na damu yote imemhama usoni.

"Don Saverio hayupo," akasema. "Ameondoka jana jioni kwa treni. Anakuja huku."

"Baba anakuja?" Venera alishindwa kujizuia, furaha ikampanda. "Anakuja kunichukua!"

"Haji peke yake, mwanangu. Mwenye kinu yuko naye. Jana ulipokuwa unapiga simu alikuwepo pale baani, akamwona baba yako anavyolia na kunguruma. Akasema rafiki hamwachi rafiki na aibu yake. Amebeba bunduki ya kuwindia. Anakuja kumsaidia Don Saverio kumwua Liborio."

"Baba atamzuia," akasema Venera.

"Amzuie kwa sababu gani? Kwani yeye si baba aliyeibiwa binti?"

Kweli. Don Saverio alikuwa amenguruma vizuri mno. Akishika ile bunduki kumwokoa Liborio, amejifichua mwenyewe, na risasi itageuka upande wake.

Padri Anselmo ndiye aliyepata akili kwanza. Akairudisha karatasi mezani, akaipangusa kwa kiganja.

"Wakikuta mmeshaandika, hakuna aibu ya kulipiza," akasema. "Huyu anakuwa mkwe wa mtu, hakuna anayemwua mkwe wa rafiki yake. Binti amekubali. Binti, weka sahihi."

Venera akaweka.

"Sasa wewe, kijana. Upesi."

Liborio aliichukua kalamu. Akaitazama karatasi, akalitazama jina la Venera ambalo wino wake ulikuwa haujakauka. Kisha akairudisha kalamu ndani ya wino.

"Siweki."

"Liborio!" Shangazi Ninfa akamshika koti. "Treni inaingia saa hii! Utakufa, mjinga wewe!"

"Siweki," akasema tena, polepole, bila kupandisha sauti. Alimtazama Venera peke yake. "Ile nusu ya maneno ilikuwa yangu, Venera. Sikukudanganya. Nitaweka sahihi ukiniambia unanitaka. Lakini uniambie kweli, usiniambie kwa ajili ya bunduki."

Shangazi na padri wakamgeukia Venera. Alifungua mdomo. Angeweza kusema neno lolote la kumwokoa, na alikuwa tayari kulisema, ila kijana alishamwomba lile moja tu asiloweza kuliazima popote. Akatazama chini, kwenye viatu vya Shangazi Ninfa miguuni mwake, na sauti haikutoka.